Ni nani anaharibu kibuku chetu?

Juma lililopita nilikuwa nimewaahidi kwamba tutaendelea na habari ya watoto wanaosinzia darasani. Mnisamehe, tutairudilia. Leo kuna jambo lingine ambalo haliwezi kungoja.

Siku ya posho, wakati nilikuwa ninatoka sokoni na samaki zangu, mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta pembeni. Ni mama wa umri wa mama yangu mzazi, mtu wa heshima, na kibuku chake kinajulikana hapa Kilwa tangu mimi nikiwa mtoto. Akaniambia: «Mwalimu, mwanangu, wewe ulisoma. Nieleze. Mara ya tatu sasa kibuku changu kinageuka. Siku ya kwanza ni kizuri, siku ya pili kinakuwa kikali kama siki, watu wanatema chini. Nimepoteza unga, nimepoteza makala, nimepoteza wateja. Na mimi ninajua ni nani.» Kisha akanitajia jina la jirani yake, mama kijana ambaye naye alianza kupika kibuku mwaka huu.

Mimi nilishituka, si juu ya kibuku, lakini juu ya jina lile. Sisi wote tunajua namna mambo haya yanavyokwenda. Leo ni neno la pembeni sokoni, kesho ni neno mbele ya chifu, kesho kutwa mama kijana na watoto wake hawana tena pa kukaa. Basi nilimwomba kitu kimoja: «Mama, kabla ya kusema jina hilo kwa mtu mwingine, niruhusu nije nione namna unavyopika.» Akakubali.

Wengine mtauliza: mwalimu na kibuku, wapi na wapi? Sitaficha. Feza iliyonilipia masomo yangu ya ISP ilitoka ndani ya bidoni. Mama yangu mkubwa alipika kibuku na munkoyo miaka mingi. Na hata leo, ninapoita majina darasani, ninajua watoto wengi ambao daftari zao zinatoka mahali pale pale. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa, na unifomu na daftari hazishuki kutoka mbinguni. Sisemi kwamba pombe ni kitu kizuri. Mwenye mimba asiinywe, mtoto asiinywe, na baba anayemaliza mshahara ndani yake tunamjua wote. Lakini kwa kuwa inapikwa, na inapikwa na sisi wanawake, afadhali isimuue mtu.

*Wafanyakazi watatu ndani ya bidoni*

Kwanza tuelewe kinachotokea ndani ya chombo. Uji ukishapoa na ukitia kimea, yaani mahindi ao mawele uliyootesha na kukausha, unaingiza wafanyakazi wadogo sana ambao macho hayawezi kuwaona. Hawa ndio wanaotengeneza kibuku. Wewe unawapikia tu chakula.

Mfanyakazi wa kwanza ni chachu. Chachu inakula utamu wa uji, inatoa kilevi na hewa. Hewa ile ndiyo inayofanya kibuku kichemke bila moto, na ndiyo inayopasua bidoni ya mtu aliyefunga kifuniko kwa nguvu zote.

Wa pili ni vijidudu vinavyoleta ukali mdogo, ule tunaoupenda ndani ya munkoyo na ndani ya maziwa yaliyoganda. Hao ni rafiki. Ukali wao unazuia vijidudu vingi vibaya kukomaa. Kwa hiyo usiogope kila ukali. Munkoyo wa siku mbili unapaswa kuwa na ukali kidogo, ndiyo kazi yake.

Wa tatu ni vijidudu vya siki, ile wengine wanaita vinegre. Hawa wanapenda hewa ya nje. Wanakuja kwa nzi wadogo wale wanaozunguka ndizi zilizoiva, wanakaa ndani ya mikwaruzo ya plastiki na ndani ya mwiko wa mti. Wakipata kibuku kilicho wazi, wanakula kilevi na kukigeuza siki. Ndiyo sababu wateja wanasema mambo mawili kwa mara moja: «Ni kikali, tena hakina nguvu.» Kilevi chenyewe ndicho kilichogeuka siki.

Jambo hili si jipya, na si la Waafrika peke yao. Mwaka 1856, katika mji wa Lille kule Ufaransa, kulikuwa bwana mmoja jina lake Bigo aliyekuwa akitengeneza kilevi kutoka viazisukari (betrave). Mapipa yake mengine yalikuwa yanageuka makali na kuharibika, naye hakujua sababu. Mtoto wake alikuwa mwanafunzi wa Louis Pasteur, basi baba akaenda kumwuliza mwalimu wa mtoto wake. Pasteur aliangalia matone kwa mashini inayokuza vitu vidogo. Ndani ya pipa zuri aliona vitu vya mviringo, ndiyo chachu. Ndani ya pipa baya aliona vijidudu vingine, virefu kama vijiti. Kutoka kwa ulizo lile la mzazi mmoja, dunia ilianza kujifunza mengi juu ya vijidudu. Nilipomwelezea mama yetu habari hiyo, alicheka: «Kumbe hata wazungu walikimbilia kwa mwalimu juu ya pombe!»

*Tulichokiona kwake*

Nilifika siku ya pili jioni. Sikwenda kama mkaguzi, nilikwenda kama mtoto wa kike anayekwenda kusaidia, nikakoroga uji naye. Lakini macho yangu yalikuwa wazi. Tuliona mambo matano.

Kwanza, bidoni zake za plastiki zilikuwa za zamani sana, na kila mara alizisugua ndani kwa mchanga. Mchanga unatoa uchafu, ni kweli, lakini unachimba mistari midogo ndani ya plastiki, na kila mstari ni nyumba ya vijidudu. Hata maji ya moto hayafiki vizuri pale.

Pili, mwiko wake mkubwa wa mti ulikuwa na ufa, na ulikuwa unalala chini nyuma ya nyumba, ukiwa na maji maji siku zote.

Tatu, uji ulipoa usiku kucha ndani ya baseni pana, wazi, karibu na mahali anapoweka ndizi za kuuza. Nzi wadogo walikuwa pale kama watu kwenye harusi.

Nne, kila mara alitia tope la chini la kibuku cha zamani ndani ya kibuku kipya, kusudi kianze mbiyo. Hiyo ni desturi nzuri wakati kibuku cha zamani kilikuwa kizuri. Lakini kama kile cha zamani kiligeuka, unahamisha ugonjwa kutoka bidoni hii mpaka bidoni ile, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Mara tatu mfululizo!

Tano, alichuja kwa kipande cha nguo alichosuuza kwa maji ya baridi tu na kukikunja kikiwa bado na unyevu.

Sikumwambia «umekosea». Mtu mzima haambiwi hivyo. Nilimwambia: «Mama, tufanye kama tunavyofanya darasani. Chukua uji mmoja, ugawe mara mbili. Nusu moja ufanye sawasawa na siku zote. Nusu nyingine tufanye kwa namna mpya.» Nusu ya pili tuliiweka ndani ya bidoni mpya, iliyooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka. Mwiko tuliuchemsha ndani ya sufuria. Nguo ya kuchujia tuliichemsha pia na kuianika juani. Uji ulipoa ndani ya sufuria ile ile iliyopikiwa, umefunikwa. Tope la zamani hatukutia hata kidogo, tulitia kimea kipya peke yake. Kifuniko tulikiweka bila kukikaza.

Bidoni zote mbili zilikaa nyumba moja, chini ya paa moja, jirani yule yule upande wa pili wa lupango. Siku ya pili ile ya zamani ilianza kunuka siki. Ile mpya ilikuwa nzuri, na siku ya tatu bado watu waliinywa na kuomba nyingine. Mama aliangalia bidoni zile mbili muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini: «Kama angekuwa mlozi, angechagua vipi bidoni moja na kuacha nyingine?» Mimi sikuongeza neno.

*Hasara ya mfuko na hasara ya roho*

Kufikia hapo tumeongea juu ya hasara ya mfuko. Kibuku kilichogeuka siki kinakupotezea feza, lakini kwa kawaida hakiui mtu. Kuna hasara nyingine, ya roho, na juu ya hiyo ndipo ninataka mnisikilize zaidi.

Wakati tulikuwa tunangojea uji upoe, niliona pembeni mfuko wa unga uliokuwa na madoa ya kijani na harufu ya udongo. Nikauliza: «Na huu, mama?» Akajibu bila haya, kwa sababu ni jibu ambalo wengi wetu tungetoa: «Ulilowana ndani ya mtumbwi. Kwa bukari haufai tena, lakini kwa kibuku utafaa.»

Wamama, neno hilo tulifute kabisa katika vinywa vyetu. Niwaelezee sababu.

Mwezi wa kwanza wa 2015, kule Msumbiji, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete, si mbali sana na mpaka wa Zambia jirani zetu, watu walikuwa wamekusanyika kwenye kilio. Kama kwetu, palikuwa na pombe ya mahindi, na wao wanaiita pombe tu. Watu zaidi ya 230 waliugua, na 75 walikufa. Soma tena, mama: sabini na watano. Mara moja uvumi ulienea kwamba mtu alitia nyongo ya mamba ndani ya pombe. Kila mtu alimtazama jirani yake. Lakini mama aliyeipika pombe ile alikuwa ameinywa yeye mwenyewe, na yeye ni mmoja wa waliokufa. Je, mtu anayeua wengine anakunywa sumu yake?

Wanasayansi walipima pombe ile muda mrefu. Nyongo ya mamba haikuwa sababu. Walikuta sumu inayoitwa asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na kijidudu kinachokomaa ndani ya unga wa mahindi uliolowana na kuharibika. Na unga uliotumika ulikuwa umeharibiwa na maji ya mafuriko. Mama yule hakuwa na nia mbaya. Alikataa kupoteza unga, kama sisi tunavyokataa.

Na jambo baya zaidi ni hili: sumu ile haina harufu, haina ladha, na moto hauiondoi. Mwaka 2020, kule China, watu 9 wa familia moja walikufa baada ya kula chakula cha unga wa mahindi uliochachuliwa, kilichokuwa kimehifadhiwa muda mrefu kwenye baridi. Walikipika kabla ya kukila. Kupika hakukusaidia.

Kuna pia sumu ya ukungu, ile inayoitwa aflatoksini, inayotoka kwa ukungu wa mahindi ambayo hayakukauka vizuri. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa kwa kula mahindi yenye ukungu. Sumu hiyo pia haikimbii moto. Hata isipoua leo, ikiingia kidogo kidogo kwa miaka inaharibu maini na inaweza kuleta kansa.

Ndiyo sababu ninasema: unga ao mahindi yaliyolowana na kuota ukungu si ya bukari, si ya kibuku, si ya munkoyo, na si ya kuku ao nguruwe. Ni ya shimo. Ninajua inauma. Nilikuwa na umri wa miaka 12 wakati mama yangu mkubwa alimwaga kimea cha mfuko mzima kwa sababu kilipata ukungu wakati wa mvua. Nililia, kwa sababu feza ile ilikuwa ya viatu vyangu vya shule. Aliniambia: «Viatu tutavipata. Jina langu nikilipoteza, silipati tena.» Wakati ule sikuelewa.

*Namna ya kutambua*

Andikeni ao mwambie mtoto awaandikie.

Ukiona ngozi nyeupe nyembamba, yenye mikunjo, juu ya kibuku, na haina manyoya: hiyo mara nyingi ni chachu ya porini iliyopata hewa. Ni alama kwamba chombo kilikuwa wazi. Ladha itaharibika mbiyo. Usitumie tope lake kuanzisha kingine.

Ukiona manyoya, ao rangi ya kijani, nyeusi, ya waridi, ao ya machungwa: huo ni ukungu. Usichote juu na kuuza kilichobaki. Mizizi ya ukungu inaingia chini, na sumu yake inayeyuka ndani ya kinywaji chote. Mwaga.

Ukisikia harufu kali ya siki: hewa na nzi viliingia. Usitie kingine ndani ya chombo hicho mpaka kimechemshiwa maji.

Ukisikia harufu ya matapishi ao ya kitu kilichooza, hata kama ni ya asubuhi tu: uji ulipoa polepole mno ao chombo kilikuwa kichafu sana, na vijidudu vibaya vilianza kazi kabla ya vile vizuri. Mwaga.

Ukiona kinavutika kama bamia: kimeingiliwa. Usikiuze.

Lakini kumbuka mama wa Chitima. Pua na ulimi vinatambua hasara ya mfuko. Hasara ya roho mara nyingi haionekani. Kwa hiyo ulinzi wetu wa kweli unaanza kwenye unga, kwenye maji na kwenye vyombo, kabla hata ya kuwasha mbabula.

*Maji yetu na kipindupindu*

Sisi wa Kilwa tunakaa juu ya ziwa Moero, na ziwa linatulisha. Lakini tunajua pia kwamba kipindupindu kinarudia rudia kwetu. Uji wa kibuku na wa munkoyo unachemka, hiyo ni vizuri, na ukali wake ukishakomaa unapunguza nguvu za vijidudu vingi vya tumbo. Hatari iko mahali pengine: pale tunapoongeza maji mabichi ya ziwa nyuma ya kupika, kusudi kinywaji kiwe chepesi ao kifike watu wengi; pale tunapotia mizizi ya munkoyo yenye udongo; pale tunapowapa watoto munkoyo wa saa chache tu, ambao ukali wake haujakomaa; na pale kikombe kimoja kinazunguka kwa watu ishirini na kusuuzwa ndani ya baseni moja.

Kwa hiyo: maji yote yanayoingia, hata yale ya kuongeza mwisho, yachemke kwanza mpaka yafure mapovu makubwa, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Mizizi ioshwe kwa maji safi mara mbili tatu kabla ya kutwangwa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukamua na kuchuja, na kila mara unapotoka msalani ao kumsafisha mtoto.

*Kazi ya kuosha, hatua kwa hatua*

Kuosha kunashinda kupika. Na kuosha kuna hatua mbili, watu wengi wanafanya moja tu.

Hatua ya kwanza ni kutoa uchafu: sabuni, maji, na kitambaa laini, si mchanga na si waya. Hatua ya pili ni kuua kilichobaki: maji yanayochemka kwa sufuria, mwiko na nguo. Bidoni ya plastiki nyingine inajikunja kwa maji ya moto sana. Hiyo itiwe maji ya javeli, kwa kipimo mnachopewa na watu wa kituo cha afya, kisha isuuzwe kwa maji yaliyochemka. Javeli juu ya uchafu haifanyi kazi, inakufa ndani ya uchafu wenyewe. Kisha pindua chombo kinywa chini mahali safi, kikauke juani.

Bidoni iliyokwaruzika ndani iwekwe kwa kazi ya maji ya kufulia. Bidoni iliyobeba dawa ya mimea, dawa ya wadudu, mafuta ya gari ao rangi, hata ukiiosha mara mia, isitie chakula wala kinywaji. Na pipa la chuma tupu ao la malata si chombo cha kuchachulia. Ukali wa pombe unakula chuma, na chuma kinaingia kwa mtu. Katika nchi za kusini mwa Afrika, wanganga walikuta wanywaji wengi wa pombe ya mapipa ya chuma wakiwa na chuma kingi mno ndani ya maini yao.

Juu ya lutuku nitasema neno fupi. Mvuke unaopikwa hausafishi kila kitu, na watu wengine wanaongeza dawa za kiwandani ili «ipige» zaidi. Mwezi wa tano wa 2014 huko Kenya watu wengi walikufa na wengine walipofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli, na ulimi haukuwaonya. Mtu akinywa jioni na kesho yake anasema macho yanaona ukungu, kichwa kinauma na anatapika, msiseme ni ulevi. Mpelekeni hospitali.

*Kama watu wameanza kuugua*

Mtu mmoja kuumwa tumbo kunatokea. Lakini watu wawili watatu waliokunywa chombo kimoja wakianza kutapika, kuharisha, kuumwa tumbo ao kulegea kwa wakati mmoja, fanyeni hivi. Simamisheni kunywa hapo hapo, bila haya, hata kama ni kilio na wageni wametoka mbali. Pelekeni wagonjwa kituo cha afya, msingojee asubuhi. Msimwage kinywaji chote: wekeni kidogo ndani ya chupa iliyofungwa, mbali na watoto, na mwonyeshe munganga. Kile ndicho kitakachosema ukweli na kumwokoa mtu asiye na kosa.

Kama mtu anaharisha maji meupe kama maji ya mchele, anza kumpa kinywaji cha chumvi na sukari njiani: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Na msipoteze saa mkitafuta aliyeloga, kwa sababu saa ile ndiyo inayoua.

*Ya kuzungumza katika kikundi*

Katika mkutano wa juma hili, kila kikundi kijiulize mambo matatu. Ni nani kati yetu ana unga ao kimea kilicholowana nyumbani, na kikundi kinaweza kumsaidia namna gani ili asilazimike kukitumia? Mimi ninapendekeza kila mmoja atoe kopo moja la unga mzuri. Kwa wamama 15 ni makopo 15, na mwenzetu anaanza tena. Pili, tunaweza kununua pamoja sufuria kubwa moja ya kuchemshia vyombo? Tatu, je, kuna jina tulilotaja juu ya kibuku kilichogeuka, ambalo tunapaswa kwenda kulisafisha?

Juu ya ulizo la tatu, nimalizie hivi. Siku ya yenga nilimwona mama yetu nyuma ya ibada. Alikuwa amesimama na jirani yake kijana, yule yule. Sikusikia mwanzo wa mazungumzo yao. Nilisikia tu mwisho: «Basi lete bidoni yako siku ya kwanza, tutaichemshia maji pamoja na yangu.»

Juma linalokuja, nikijaliwa, turudi kwa watoto wetu wanaosinzia. Mkae salama.

Mwalimu wenu